Enos Waliaula na Breki Zilizonyamaza

Jumanne iliyopita, tarehe 30 Septemba 1997, Bwana Enos Waliaula, Msimamizi wa Magari, alistaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Mkate wa Alfajiri kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mbili. Kwanza, nimekaa ofisi ya mauzo muda mrefu, na hakuna ofisi iliyogombana naye kama yetu. Pili, kila mwingine aliyeombwa kuandika alianza kucheka akashindwa kuendelea.

Bwana Enos alizaliwa Kimilili mwaka 1942. Alikuja Kisumu akiwa na nia ya kutafuta kazi reli. Alishuka kwenye basi mbele ya kiwanda chetu, akasikia harufu ya mkate, na reli inamsubiri hadi leo. Alianza kwa kupakia kreti, akawa turniboi, yaani msaidizi wa dereva, kisha dereva wa njia ya Maseno. Mwaka 1984 alikabidhiwa gereji pamoja na pikapu zote za kusambazia mkate.

Waliofanya kazi chini yake wanajua kwamba injini aliwaachia mafundi, rangi akawaachia wapaka rangi, lakini breki hakumwachia mtu. Pedi za breki alizichagua mwenyewe. Alizinusa. Alizigonga kwa ukucha na kuziweka sikioni. Alipokuwa na shaka sana aliing'ata moja pembeni, akatafuna hewa kidogo, akafikiri. Muuza spea mmoja pale mjini aliwahi kumwuliza kama amletee chai ya kuteremshia.

“Lete,” Bwana Enos akamjibu bila kucheka, “lakini sukari usiweke. Inaharibu ladha ya pedi.”

Ikumbukwe kwamba miaka ile pedi za kampuni iliyounda magari yetu zilikuwa adimu. Ukiagiza Nairobi, unangoja mpaka unasahau uliagiza nini. Kwa hiyo msimamizi alilazimika kuchagua miongoni mwa pedi za viwanda vingine, na kila moja ilikuja na sifa zake na boksi lake. Hapo ndipo safari ndefu ya Bwana Enos ilipoanzia, na ni vyema niseme mapema kwamba hakuanza vizuri.

Mwaka 1988, baada ya mashindano ya magari ya Pasaka, alitokea mtu na pedi zilizobaki katika gari la mashindano. Bwana Enos alizinusa akafumba macho. Pedi hizi, alitwambia, zimesimamisha gari lililokuwa linaruka mabonde. Je, zitashindwa na mkate? Zilipigwa tupa kidogo, zikaingia kwenye pikapu ya Bwana Ogola, dereva wa njia ya Kibuye na Manyatta.

Pedi za mashindano zina tabia moja ambayo aliyeziuza hakuitaja. Haziamki mpaka zipate moto. Ukiteremka nazo mlima wa Riat zinashika kama kucha za paka. Lakini mjini, ambako gari la mkate hukimbia kidogo likasimama, likakimbia kidogo likasimama, zenyewe hulala. Bwana Enos hakukata tamaa. Alimwagiza Bwana Ogola awe anazipasha moto kila asubuhi kwa kuzunguka Kondele huku mguu mmoja umekanyaga mafuta na mwingine umekanyaga breki. Pikapu ilizunguka ikifuka moshi magurudumuni, na wapita njia waliamini kwamba mkate wetu unaokwa humo humo ndani ya gari. Mauzo ya Kondele yalipanda. Mimi mwenyewe nilipeleka habari hizo kwenye kikao nikiwa na furaha.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Bwana Ogola alipasha breki zake vizuri, akasimama mahali kunywa chai, na chai ikawa tamu. Aliporudi garini pedi zilikuwa zimepoa. Alipokaribia soko la Kibuye alikanyaga breki, na pikapu ikaendelea. Haikuwa na kasi. Iliingia sokoni taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyechelewa ibada, huku watu wakiipisha na wengine wakiisalimia. Ilipita chini ya magauni ya mtumba yaliyotundikwa, ikavaa moja la rangi ya waridi, ikaenda kuegemea rundo la blanketi la mama mmoja aitwaye Benta. Ikasimama.

Mama Benta hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliitazama pikapu, akalitazama gauni, akamtazama Bwana Ogola.

“Karibu,” akasema. “Sasa unataka saizi gani?”

“Mama, breki imekataa.”

“Breki sina. Niko na koti.”

Bwana Ogola alinunua koti. Anasema mpaka leo kwamba hakuona njia nyingine ya kutoka pale na heshima yake.

Siku hiyo hiyo Bwana Enos alikwenda Kibuye kwa miguu kumwomba Mama Benta radhi. Aliporudi alizifungua zile pedi kwa mkono wake, akazifunga kwenye gazeti kama samaki, na kutuita gereji.

“Gari ya mkate haishindani na mtu,” akasema. “Pedi yetu lazima ishike hata kama bado iko na usingizi. Hapa nilikosea. Sasa nitatafuta kitu kigumu.”

Alikipata, kigumu kweli. Mwaka 1991 alileta pedi zenye chuma kingi ndani yake, katika boksi lenye picha ya chui. Zilishika asubuhi, zilishika kwenye mvua, zilishika hata ukizifikiria tu. Lakini zilikuwa na mlio. Mlio wenyewe ulianza chini kama mbuzi aliyekanyagwa, ukapanda, ukapanda tena, mpaka ukafika mahali ambapo mbwa wa Obunga, mtaa wa jirani, walianza kujibu.

Bwana Enos aliona aibu. Sisi wa mauzo tuliona neema. Katika muda mfupi Manyatta nzima ilijua kwamba mlio ule ni mkate. Mama Awuor, anayeuza chai na mandazi pale kona ya tatu, alipousikia kona ya kwanza aliweka sufuria motoni. Kona ya pili alimwamsha mumewe. Ogola alipofika kona ya tatu, Mama Awuor alikuwa tayari barabarani ameshika kikapu. Watu waliacha kununua saa. Mwalimu mmoja alikiri kwamba tukichelewa sisi, shule nayo inachelewa. Ofisi yetu ilipendekeza kwa maandishi magari yote yafungwe pedi za chui.

Gereji, hali ilikuwa nyingine. Pedi zile zilikuwa zinakula diski. Bwana Enos alituonyesha diski moja iliyochimbika mistari kama shamba lililopigwa jembe la ng'ombe. Pikapu ilianza kuvutwa kushoto kila inapofunga breki, hivyo Bwana Ogola akawa anakata usukani kulia ili aende mbele. Bega lake moja lilikua kuliko jingine, na fundi cherehani alilalamika.

“Siku moja,” Bwana Enos alituambia, “mtu atakuwa huo upande wa kushoto.”

Hatukumsikiliza. Mkate ulikuwa unaisha kabla ya saa tatu.

Mwaka 1993 biashara ya kuingiza bidhaa ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya spea ya Kisumu yakafurika pedi za nchi nyingine tusizoweza kuzitaja vizuri. Kila Jumamosi Bwana Enos alivaa tai, akapita duka baada ya duka. Alionyeshwa maboksi yenye simba, yenye moto, yenye radi, na moja lenye mwanamke aliyeketi juu ya gurudumu. Alichotaka kilikuwa kidogo, na kwa hiyo hakikupatikana. Alitaka pedi ya kutumia kila siku, katika njia ya baiskeli na mbuzi na watoto wa shule: ishike ikiwa baridi, isiogope maji, isile diski, isipige kelele, na isijaze magurudumu masizi meusi yanayorukia mkate. Wauzaji walimwuliza kama gari lake linakimbia sana. Aliwajibu kwamba linasimama sana. Wengi walidhani ametania.

Majaribio yake yalifanyika asubuhi kwenye barabara ya kuelekea Dunga, kabla wenye samaki hawajaijaza. Aliweka jiwe kando ya barabara. Kisha aliketi kushoto kwa Bwana Ogola akiwa ameshika bakuli la uji uliojaa hadi ukingoni, akaamuru breki zikanyagwe kabla ya jiwe. Pikapu ikipita jiwe, pedi ni laini mno. Uji ukimrukia kifuani, pedi ni kali mno. Alikuwa na tai moja ya kazi hiyo, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imekauka kiasi kwamba ilisimama yenyewe. Wavuvi wa Dunga walizoea kumwona mtu mzima akipakwa uji na gari. Mmoja alimwuliza Bwana Ogola kama hayo ni matibabu.

Pedi zilizoshinda zilitoka kwenye boksi la kahawia lisilo na picha yoyote. Siku ile pikapu ilisimama sawa na jiwe, uji ukayumba, ukarudi mahali pake. Bwana Enos aliutazama kwa muda. Kisha akaunywa wote, akamwambia Bwana Ogola wageuze warudi kazini. Diski mpya zikafungwa, na pedi mpya juu yake, na Jumatatu iliyofuata pikapu ikaingia Manyatta kimya kabisa.

Hakuna aliyetoka.

Bwana Ogola alisimama kona ya kwanza, akasubiri. Kona ya pili, akasubiri. Kona ya tatu aliwaona watu kwa dirisha wakiwa bado wamejifunika. Alirudi kiwandani na mkate wote, na saa nne asubuhi Mama Awuor aliingia getini akiwa na wanawake wenzake.

“Yawa jamani, kampuni ilikufa lini?” akaniuliza.

“Haijafa, Mama. Mkate ilipita huko asubuhi.”

“Ilipita aje na sisi hatukusikia ikilia?”

Kesho yake tulimwagiza Bwana Ogola apige honi. Watu walitoka kweli, lakini walitoka na mizigo, kwa kuwa Manyatta honi ni ya magari ya abiria. Mzee mmoja alipanda nyuma na kuku wake, akajipangia nafasi kati ya kreti, akasema anashukia Ahero. Bwana Ogola ni mtu wa adabu. Alimfikisha mpaka stendi.

Tukajaribu kengele. Kengele ilileta watoto wa shule, wakajipanga mistari mbele ya pikapu, wafupi mbele na warefu nyuma, wakasubiri kukaguliwa kucha.

Mkate uliolala ulianza kujaa stoo. Meneja wetu, Bwana Gordon Opiyo, aliitisha kikao. Bwana Gordon ni mtu mpole na mwenye haki, na nasema hivyo si kwa sababu atasoma haya. Alieleza kwamba kiwanda kikiendelea hivyo kitafunga njia ya Manyatta, na njia ikifungwa wapo watakaokwenda nyumbani. Akatoa uamuzi kwamba pedi za chui zirudishwe. Ofisi ya mauzo ilipiga makofi, na makofi yangu yalikuwa miongoni mwa yale ya juu.

Bwana Enos alisimama.

“Bwana Meneja, zile pedi zinakula gari.”

“Na hizi zinakula kampuni, Bwana Enos.”

“Zile zinavuta kushoto. Kushoto kuna watu.”

“Na kulia kuna mkate unaooza. Utazifunga au hutazifunga?”

“Sitazifunga.”

Bwana Enos hakuwa mtu wa kukataa agizo. Wakati ule watoto wake wadogo walikuwa bado shuleni, na sote tulijua hilo. Bwana Gordon alivua miwani, akaivaa tena, akasema kwamba kufikia Ijumaa ama pedi za chui ziwe zimefungwa, ama funguo za gereji ziwe mezani kwake.

Yaliyofuata tumesimuliwa na mkewe, Mama Jentrix Nakhungu. Jioni ile Bwana Enos alifika nyumbani akakaa mbele ya ugali bila kuugusa. Mama Jentrix alimwuliza kuna nini.

“Wanataka breki ilie,” akasema. “Isipolia, mimi nafutwa.”

Mama Jentrix alikuwa amechoka, na watoto walikuwa wanagombania taa. “Kama breki haitaki kulia,” akamwambia, “basi lia wewe.”

Alikuwa anamtania tu. Lakini Bwana Enos aliacha kutazama ugali, akamtazama yeye, na polepole akaanza kula.

Kesho yake alipanda pikapu ya Bwana Ogola akiwa na tai na kalamu mfukoni, akateremsha kioo. Ikumbukwe kwamba Bwana Enos huimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa la Friends, na sauti yake haikuwa siri. Kona ya kwanza ya Manyatta Bwana Ogola alifunga breki. Pikapu ilisimama kimya kama ilivyokuwa wajibu wake. Bwana Enos akatoa kichwa nje, akajaza kifua, na akalia. Alianza chini kama mbuzi, akapanda, akapanda tena, akafika kule kwa mbwa wa Obunga, akakaa huko kidogo.

Milango ikafunguliwa. Kona ya tatu Mama Awuor alitoka na kikapu, akalitazama gurudumu, kisha akalitazama dirisha.

“Ni wewe unalia?”

“Ni mimi, Mama.”

“Unaumwa?”

“Hapana. Ni kazi ya breki.”

“Pole. Nipe mkate tatu.”

Mkate uliisha. Ijumaa ilipofika, funguo hazikwenda mezani kwa mtu. Bwana Gordon alipoambiwa kwamba Msimamizi wa Magari ndiye anayelia Manyatta kila asubuhi, alidhani ni habari ya huzuni, akaomba mtu wa kumfariji. Alipoelezwa vizuri aliuliza kama jambo hilo linaruhusiwa na sheria za kazi.

Wateja nao hawakukosa maoni. Wengine walidai mlio wa Jumatano ulikuwa chini kuliko wa Jumanne. Mzee mmoja alisema breki za kampuni siku hizi zina lafudhi ya Kimilili. Bwana Enos aliyachukua maoni yote kwa uzito, akawa anafanya mazoezi gereji wakati wa chakula cha mchana, na wahasibu wakawa wanakula huku madirisha yamefungwa.

Bwana Gordon aliona aibu kwa ajili yake. Aliniambia kwamba si haki mtu wa umri ule, mwenye wajukuu njiani, kupiga kelele barabarani kwa ajili ya kampuni. Akaamua kwenda Manyatta mwenyewe, azungumze na wateja, aone kama wanaweza kuzoea kununua mkate kwa saa ya kawaida kama watu wengine. Niliandamana naye. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na barabara ilikuwa inateleza kama sabuni.

Tulimkuta Mama Awuor kibandani kwake. Mabati yalikuwa yanadondosha maji, kwa hiyo Bwana Gordon alizungumza akiwa barabarani, na kila alipotaka kumwona Mama Awuor vizuri alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa anaeleza faida za saa. Mgongo wake ulielekea konani. Mimi nilikuwa nimeinama natoa tope kwenye kiatu.

Pikapu ilikata kona. Bwana Ogola anasema aliona suti, kisha akaona ni suti ya nani, kisha akakanyaga. Bwana Enos naye aliona. Alitoa kichwa dirishani ili alie, alie kuliko siku zote, na sauti haikutoka. Kwa hiyo katika barabara ile yenye utelezi, asubuhi ya baridi, hapakuwa na honi, hapakuwa na kengele, hapakuwa na mlio. Zilibaki pedi za boksi la kahawia peke yake.

Pikapu ilinyooka, haikwenda kushoto wala kulia, ikasimama bampa ikiwa imegusa nyuma ya suruali ya Bwana Gordon. Iligusa kwa upole hata akadhani mtu mwenye adabu amemletea benchi.

“Asante,” akasema bila kugeuka, akakaa, na akaendelea kueleza faida za saa.

Mama Awuor alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

“Bwana,” akasema, “umekalia gari ya mkate.”

Bwana Gordon aligeuka. Nilimwona akiitazama taa ya pikapu iliyokuwa kando ya mbavu zake, kisha kioo, kisha uso wa Bwana Ogola nyuma ya kioo, ambao ulikuwa umepoteza rangi. Alisimama. Akaipapasa bampa kwa mkono, akakaa tena pale pale. Bwana Enos alikuwa ameshashuka na amemshika mkono.

“Mbona hukulia?” Bwana Gordon akamwuliza.

“Sauti ilikataa, Bwana Meneja.”

“Na breki?”

“Breki haikukataa.”

Bwana Gordon alifikiri. Woga ulianza kumtoka, na nafasi yake ikachukuliwa na hasira kidogo. “Lakini ingekuwa ni zile pedi za chui,” akasema, “ningesikia gari mapema nikatoka barabarani!”

“Kweli ungesikia,” Bwana Enos akamjibu. “Ungeisikia ikija, ikikuvuta kushoto pamoja na kibanda cha Mama Awuor, na ungeendelea kuisikia mpaka Russia.”

Russia, kwa wageni wetu wa leo, ni ile hospitali yetu kubwa. Walibishana pale pale, mmoja amekaa kwenye bampa na mwingine amemshika mkono, mvua ikaanza upya, wateja wakajihudumia mkate na kuacha pesa kwenye kreti. Nani alikuwa na haki? Gereji wana jibu lao na ofisi ya mauzo tuna letu, na kila mwaka kwenye sherehe ya Krismasi suala hilo hufunguliwa tena. Lakini mimi nilikuwepo. Niliona nafasi iliyobaki kati ya lile gari na mtu yule. Hapakuwa na nafasi. Tangu siku hiyo sijapiga makofi kwa ajili ya pedi za chui.

Bwana Gordon alirudi ofisini kwa miguu, akikataa kupanda kitu chochote chenye magurudumu. Mchana alitangaza kwamba pedi za boksi la kahawia zitafungwa kwenye magari yote, na kwamba Bwana Enos, akipenda mwenyewe, ataendelea kulia. Alipewa koti la mvua na posho ya asali ya koo. Jumamosi aliwafundisha madereva wengine, kila njia na mlio wake, wa Obunga mzito, wa Kibuye mfupi kwa kuwa pale watu wana haraka. Majirani wa gereji walileta malalamiko, kisha wakaleta watoto wao kutazama. Mchango wake mkubwa, hata hivyo, hausikiki. Kuanzia mwaka ule hadi Jumanne iliyopita, hakuna gari letu lililomgusa mtu, ukiacha suruali moja.

Kuhusu Jumanne yenyewe nitasema kwa ufupi. Bwana Enos aliamka na homa. Kwaya ilikuwa imemuaga Jumapili, wakaimba kupita kiasi, na sauti yake ikaisha yote. Bwana Ogola alimsihi abaki nyumbani. Alikataa kwa kutikisa kichwa, akapanda mahali pake.

Kona ya kwanza pikapu ilisimama kimya. Bwana Enos alitoa kichwa dirishani, akajaza kifua, akafungua mdomo. Ilitoka pumzi tu. Alijaribu mara ya pili. Bwana Ogola alikuwa ameanza kupeleka mkono kwenye honi aliposikia mlio, unaanzia chini kama mbuzi na kupanda. Ulikuwa unatoka mlangoni kwa mwanamke mmoja aliyesimama na mtoto mgongoni. Mlango wa pili ukajibu. Kisha wa tatu. Kufikia kona ya Mama Awuor walikuwa wametoka wote, wanaume, wanawake, yule mwalimu na wanafunzi wake, Manyatta nzima inalia kama breki mbovu, na mbwa wa Obunga wanaitikia kutoka kule. Mama Awuor alisimama katikati ya barabara, mikono juu, akilia kuliko wote, na pikapu ikasimama mbele yake pale ilipotakiwa kusimama.

Bwana Enos alishuka. Aligawa mkate kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofanya akiwa turniboi, na hakuweza kusema neno kwa mtu yeyote. Bwana Ogola anasema walikuwepo waliolia kama pedi, na walikuwepo waliolia tu.

Bwana Enos, kwa niaba ya uongozi, gereji, jiko, na ofisi ya mauzo uliyoitesa na iliyokutesa, asante. Tumekula mkate wetu kwa amani kwa sababu yako, na wengi wamevuka barabara bila kujua kwamba kuna la kukushukuru. Nenda Kimilili wewe na Mama Jentrix, mahindi yakustawie, koo lipone, wajukuu wakuzunguke, na popote roho yako itakapopenda kusimama, usimame hapo kwa raha.

Elsie Apiyo
Ofisi ya Mauzo